Kabati Kati ya Mama na Mume Wangu

Mume wangu alivunja ukuta wa jikoni ili ampokee mama yangu kwa heshima. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki hudhani alikuwa na nia mbaya, na yeye mwenyewe huwa haniachi nimalize kabla hajaanza kujitetea. Nia yake ilikuwa safi. Kilichopungua ni akili, na hapo hatukupishana sana, maana mimi ndiye niliyeshika karai la kuzolea kifusi.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukikaa Kitale, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ndiye alikuwa mwenye nyumba, mzee Singasinga mwenye kilemba cha samawati, aliyeuza misumari na saruji tangu kabla hatujazaliwa. Nyumba yetu ilikuwa na sebule mbele, inayotazama barabara, na chumba chetu cha kulala kando yake. Nyuma kulikuwa na jikoni, na chumba cha watoto ambacho mlango wake ulifungukia jikoni, kisha ngazi za nyuma za kushukia uani. Kuta zote zilikuwa krimu juu na kijani chini. Ukiingia ulijihisi umekuja ofisi ya serikali kufuatilia kitambulisho.

Mume wangu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi. Kutwa alichora vyoo vya shule na nyumba za walimu, na nadhani ugonjwa ulianzia hapo. Mtu akichora choo kilekile miaka nenda miaka rudi, siku akiona picha ya nyumba nzuri lazima apate kizunguzungu. Picha zenyewe zilikuwa kwenye jarida la Kizungu aliloachiwa na mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Alilileta nyumbani likiwa limefungwa kwa gazeti, kama nyama.

Ndani ya jarida kulikuwa na nyumba ambayo pa kupikia, pa kulia na pa kuketi ni mahali pamoja. Kuta zilikuwa rangi ya udongo, mbao hazikupakwa kitu, chini kulikuwa na mikeka, na dirishani kulikuwa na chungu kisicho na maua wala maji.

"Si unaona vile nyumba yote imekuwa moja?" akaniuliza. "Mtu anapika akiwa na wenzake. Hakuna kujificha ficha."

Nikamwuliza kama hao watu huwa hawakaangi omena, wale dagaa wa ziwani wanaonukisha nyumba nzima. Akaniambia nisimletee mambo ya omena.

Wakati huohuo mama yangu alikuwa anapoteza macho. Aliishi upande wa Malakisi, kwenye boma la kaka yangu, na mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Alianza kwa kukosea kupima chumvi, halafu akawa anasalimia nguzo ya mlango akidhani ni jirani, na ukimwambia ni nguzo anasema hata nguzo inafaa kusalimiwa. Tukapata habari kwamba daktari wa macho angekuja hospitalini Kitale, akae wiki chache, kisha aende zake. Akishaondoka, hakuna aliyejua angerudi lini. Tukakubaliana mama aje akae kwetu, apasuliwe, nimtilie dawa ya matone mpaka apone. Ingekuwa mara yake ya kwanza kulala kwangu.

Mume wangu akasema haiwezekani mama afike akute nyumba ya kijani. "Akuje apate nyumba ya maana," alisema, na akaenda kuazima nyundo kubwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni tunayemtafutia rangi ni mtu asiyeona mlango.

Mwenye nyumba alipanda kuutazama ukuta. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Ukuta hii haibebi kitu," akasema. "Vunja tu. Lakini kesho utarudi kuniuliza matofali."

Tulicheka. Tukavunja Jumamosi nzima, na ilipofika jioni sebule na jikoni vilikuwa ukumbi mmoja, na tulisimama katikati yake na vumbi kwenye kope tukijiona watu wa jarida. Vitambaa vyangu vya kufuma vikaondolewa kwenye makochi kwa sababu hapakuwa na vitambaa katika picha. Kalenda zikatoka ukutani. Uteo wa kupepetea ambao mama alinifumia nilipoolewa ukapigwa msumari sebuleni uwe pambo. Na kabati la vyombo, ambalo mama alilinunua kwa pesa za tumbaku likawa zawadi yangu ya harusi, kabati la mbao nzito ya msitu wa Elgon, refu kuliko mimi, likateremshwa hadi stoo ya mwenye nyumba. Mume wangu alisema linakata nyumba vipande viwili. Hilo lilikuwa kweli.

Rangi ikawa kesi nyingine. Rangi ya udongo haikuuzwa Kitale, kwa hiyo alichukua krimu akaichanganya na unga mwekundu wa kutia kwenye saruji ya sakafu. Ya kwanza ikatoka kama maini. Ya pili watoto waliiita rangi ya kidonda. Mwishowe akapata moja iliyofanana na kiazi kitamu kilichochemshwa, na kwa kuwa unga ulikuwa umekwisha, tukaamua hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Upande wa jikoni haukupakwa, maana rangi nayo ilikwisha.

Sasa, kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi pamoja. Hawashikani mkono, hawali wakitazamana, na mama hapaswi hata kukiona kitanda cha mkwewe. Si chuki, ni heshima, na kila mtoto wa Bungoma anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mjini watu walikuwa wamepata njia yao. Mama mkwe akija, anapanda kwa ngazi za nyuma, anakaa upande wa jikoni, analala na wajukuu, na mkwe anabaki upande wa sebuleni. Wanasalimiana ukuta ukiwa katikati, na kila mtu anaenda nyumbani na heshima yake. Nyumba yetu ilikuwa imejengwa kana kwamba aliyeijenga alimfikiria mama. Na mume wangu aliijua desturi hiyo vizuri sana, kwa sababu asubuhi ile ya kumpokea alivaa shati la harusini, akaweka kiti pale pale ambapo mtu huketi ili amsalimie mkwewe nyuma ya ukuta, akangoja.

Nilisikia miguu kwenye ngazi, nikafungua mlango wa jikoni. Mama alisimama pale, mkono wake umeshikwa na kaka yangu, na nilipogeuka kumwonyesha njia nikamwona mume wangu mbele yetu, wazi, kama picha ya rais ofisini. Tulitazamana. Nadhani ndipo wote wawili tulipouona ule ukuta kwa mara ya kwanza. Yeye akaruka, akagonga kochi, akapotelea chumbani.

"Nani huyo amekimbia?" mama akauliza.

Kaka yangu, ambaye hajawahi kunisaidia kwa uongo hata siku moja, akasema, "Ni mkwe wako. Wamebomoa ukuta."

Mama alisema Kibukusu tu, maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili. Hakukasirika. Aligeuka polepole, akapapasa mlango, akatoka nje akaketi juu ya ngazi na mfuko wake mapajani. "Kaka yako akimaliza chai tutarudi nyumbani," akasema.

Kutoka chumbani mume wangu akaita kwa sauti ya chini kwamba nimwambie mama, kwa vile haoni, si ni kama hawajaonana.

"Mimi simwoni," mama akasema, kwa kuwa masikio yake hayakuwa na kasoro, "lakini yeye ananiona nikipapasa uji kama mtoto mchanga. Na daktari akinifungua macho, nifanyeje? Niyafumbe tena?"

Nilimfuata nje. Niliketi ngazi moja chini yake na nikaogopa kweli. Hatukuwa na ndugu mwingine Kitale mwenye nyumba ya kumfaa. Daktari angemaliza wiki zake aondoke, na mama angerudi Malakisi kuwa kipofu kwa sababu ya picha za chungu kisicho na maua. Nilimshika goti nikalia, na yeye akanipapasa kichwa, lakini hakuinuka. Kaka yangu alikuwa mtu mgumu ila siku hiyo alikunywa chai kwa huruma. Alimaliza kikombe akaomba kingine, akaomba kingine tena, na kila kimoja alikipuliza mpaka kikapoa.

Mume wangu alitokea mlango wa mbele akashuka dukani mbio. Baadaye alinisimulia kwamba mzee alikuwa akipima misumari na hakuinua macho.

"Matofali?" mzee akauliza.

"Leo leo, mzee."

"Matofali ya leo itakauka wiki ijayo. Lakini ukuta yako iko stoo kwangu, inakula vumbi."

Likapanda lile kabati. Wapakiaji wa duka walilibeba wakilalamika kila ngazi, wakalisimamisha palepale ulipokuwa ukuta, maana alama yake ilikuwa bado sakafuni. Mbele yake ilitazama sebuleni, mgongo wake jikoni. Pengo lililobaki upande mmoja likazibwa kwa ubao laini wa dari ambao mzee alitoa dukani, wa kusogezwa mtu akitaka kupita, na juu tukatundika shuka mpaka karibu na dari. Mikeka ya jarida ikakanyagwa na viatu vya saruji. Kisha mume wangu akatoka, nami nikamwita mama aje apime.

Aliingia akanyoosha mikono. Alilipapasa kabati toka mwanzo hadi mwisho, akagonga, akainama kugusa miguu yake, akanusa vidole.

"Hili si kabati langu?"

"Ndilo, mama."

"Mbona lina vumbi la saruji?"

Nikasema tulikuwa tunafanya usafi. Alipangusa vidole kwenye nguo yake, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nimepewa mgongo wake." Akavuta kigoda, akaketi. Kaka yangu akaweka kikombe chini, akaaga, akaenda zake.

Hivyo ndivyo mama alivyokaa kwetu. Mume wangu akirudi kazini alipita mbele, akikohoa toka chini ili asikiwe, akaketi kwenye kiti chake, na mama akawa kwenye kigoda upande wa pili. Katikati yao kulikuwa na sahani zangu tu. Mwanzoni walisalimiana na kunyamaza. Halafu wakaanza kuongea, lakini si moja kwa moja, ila kupitia kwangu. "Mwambie mama leo mahindi yamefika bei nzuri." Na kabla sijafungua mdomo mama anajibu, "Mwambie nimesikia. Mwambie hayo mahindi ya Kitale ni makubwa lakini hayana ladha." Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati nikiwa nimeshika mwiko. Nikienda sokoni waliendelea bila mimi, kila mmoja akisema "mwambie" na hakuna wa kuambiwa. Nilirudi mara moja na kabichi nikawakuta wanabishana namna hiyo juu ya nani anapika pombe ya busaa nzuri, watu wa Kimilili, kwao mume wangu, au watu wa Malakisi, na hakuna aliyegundua kwamba sikuwepo.

Redio ndiyo iliyowafunga pamoja. Jioni yakija matangazo ya vifo, mume wangu aliongeza sauti ili mama asikie, na mama alitafuta ukoo katika kila jina. Akiupata, aliueleza ukoo huo mpaka kwa babu, na mume wangu, ambaye mimi nikimweleza habari za ndugu zangu husinzia, alisema, "Mwambie aendelee."

Siku ya kupasuliwa ilipofika, nilimpeleka hospitalini akarudi na jicho moja limefungwa bandeji. Akawa anakaa tu, hana la kufanya, na ndipo alipouliza juu ya kuta. Alikuwa ameupapasa mmoja wa sebuleni uliopakwa, wakati mume wangu yuko kazini, na akaniuliza kama ni ukuta au ni sahani, kwa vile ulikuwa laini. Nikamweleza habari ya rangi ya udongo. Alicheka mpaka nikahofia bandeji.

"Nimekandika nyumba maisha yangu yote ili binti yangu akae kwenye nyumba ya rangi ya mafuta," akasema. "Na mkwe ananunua rangi ya mafuta ili apate ukuta wangu. Mwambie hajatia majivu. Bila majivu haitulii."

Nilidhani ni mzaha. Mume wangu hakudhani hivyo. Jumamosi iliyofuata alipata mkopo wa rangi dukani, akachekecha majivu ya jiko langu kwa chujio la chai, akayamwaga ndani ya debe. Akapaka ukuta wa jikoni mama akiwa kliniki. Mchanganyiko wa mama ulikuwa wa udongo na mavi ya ng'ombe, na hakuna kati yao aliyefikiria kwamba rangi ya dukani haili kitu kama hicho. Ukuta ukatoka na madoa ya kijivu na vijipele vinavyokwaruza kiwiko. Mama aliporudi akaupapasa akasema, "Sasa huu ni ukuta."

Siku alipofunguliwa bandeji nilimrudisha kwa ngazi za nyuma, na hakutaka nimshike. Jioni mume wangu alikuwa kwenye kiti chake upande ule, amezima redio. Nilimsikia hata anavyopumua. Alikuwa anangoja kusikia mama ataisemaje nyumba.

Mama alitazama. Aliangalia ukuta wa vijipele, akaangalia mgongo wa kabati, akaja akasimama mbele yangu akanitazama uso kwa muda hata nikaona haya. "Umezeeka," akasema. Kisha akachungulia kupitia ufa mdogo kando ya ubao laini, akaona sehemu tu ya sebule isiyo na mtu, na uteo wake ukutani.

"Mwambie," akasema, "nyumba yake inafanana na yangu."

Upande wa pili kiti kililia.

"Inafanana na yangu mwaka ule mvua iliponyesha kabla haijakauka. Na mwambie aushushe uteo wangu kwenye msumari, kuna maharagwe hapa ya kupepetwa."

Mpaka leo mume wangu hunukuu sentensi ya kwanza peke yake. Uteo aliushusha. Akaisogeza shuka kidogo, akaupitisha juu ya kabati, mkono mmoja tu ukionekana, na mama akaupokea.

Alipoondoka kwenda kwao, nilimwambia mume wangu sasa tunaweza kuliondoa kabati turudi kwenye jarida. Akasema liache kwanza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na vitambaa vikarudi kwenye makochi, na tukaendelea kuishi na sebule iliyokatwa vipande viwili hadi tulipohama.

Katika miaka ya tisini alihamishiwa Bungoma, tukanunua kiwanja upande wa Mabanga tukajenga nyumba yetu. Nilijua yatakayokuja. Sasa hakuna mwenye nyumba, na mchora ramani ni yeye, kwa hiyo nilijiandaa kwa ukumbi mkubwa usio na ukuta na moshi wa omena kwenye mapazia yote. Alipotandaza ramani mezani niliona sebule, kisha ukuta mnene, kisha jikoni yenye mlango wake wa nje. Ndani ya ukuta alikuwa amechora kidirisha.

Fundi akakilalamikia. Alisema kidirisha cha kupitishia chakula kinawekwa juu, kwenye kimo cha meza, na hiki kiko chini mno na ni chembamba, hakipitishi hata sahani.

"Si cha sahani," mume wangu akamwambia. "Weka hapo nimechora."

Kilikuwa kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi kigodani. Kuta zote alizipaka rangi ya kiazi kitamu, na upande wa jikoni akatia majivu kwa makusudi.

Mama alikuja pale mara nyingi, kwa maana kutoka Malakisi si mbali. Jicho la pili nalo lilipasuliwa baadaye, akawa na macho yake hadi mwisho, na aliyatumia kukosoa upikaji wangu. Yeye na mume wangu walizeeka hivyo, kila mmoja upande wake, wakiambiana "mwambie". Alipofariki tulimzika kwao, na mume wangu alisimama mbali kama inavyompasa mkwe, nyuma ya watu wengine, akilia kuliko kaka zangu.

Baada ya matanga tulirudi nyumbani. Jioni akaketi kwenye kiti chake, akafungua redio, nami nikawa jikoni nachambua mboga. Yalipokuja matangazo ya vifo akaongeza sauti, kama alivyozoea.

"Mwambie mama," akasema, na akataja jina lililosomwa. Kisha nikasikia akipunguza sauti ya redio.

Nikaweka mboga chini, nikavuta kigoda cha mama hadi kwenye kidirisha, nikaketi.

"Amesikia," nikamwambia. "Anasema uendelee."